Gemu za Karata za Enzi ya Game Boy: Pa Kuanzia, Pa Kuharakisha na Pa Kuruka

Februari 2025 kampuni ya Kijapani ya Konami ilitoa Yu-Gi-Oh! Early Days Collection, mkusanyo wa gemu 14 za Yu-Gi-Oh, mchezo wa karata za kupambana kwa mazimwi na uchawi, zilizotengenezwa zamani kwa ajili ya mashine za mkononi za Nintendo: Game Boy, Game Boy Color na Game Boy Advance. Ya kwanza kabisa ni ya 1998. Zinachezwa kwenye Nintendo Switch, au kwenye kompyuta kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu. Mtu akishainunua, mara nyingi anaanza na hiyo ya 1998 akitegemea kupanda ngazi mpaka ya mwisho. Nusu saa haiishi, ameshachoka, na mkusanyo mzima unabaki kwenye kompyuta ukila nafasi bure.

Kwa hiyo usizicheze kwa mpangilio wa miaka. Zimetengenezwa kwa kanuni tofauti, na baadhi zilirefushwa makusudi ili mtoto wa enzi hizo asizimalize mapema. Nitakupa mpangilio wangu, pamoja na mambo ya kuweka sawa kabla ya kuanza, hasa kama unachezea Mwanza au popote kandokando ya ziwa ambako umeme na mtandao havina ahadi.

Kabla hujalipa

Switch hapa mjini ni za kuhesabu. Wengi tunatumia kompyuta za mkononi zilizokwisha tumika, zile zinazouzwa katikati ya mji zikiwa bado na stika ya ofisi fulani ya Ulaya. Usijidharau kwa sababu hiyo. Gemu zenyewe ni nyepesi: skrini ya Game Boy ilikuwa na nukta 160 kwa 144 tu, na ya Game Boy Advance 240 kwa 160. Hata hivyo, soma mahitaji yaliyoandikwa kwenye ukurasa wake wa Steam kabla hujatoa hela.

Bei yake kamili ni dola 49.99, yaani zaidi ya laki moja ya kwetu. Kama huna haraka, iweke kwenye orodha yako ya matamanio ndani ya Steam usubiri. Kila mwaka kuna punguzo kubwa katikati ya mwaka na jingine Desemba, na ukishaiweka kwenye orodha utapata ujumbe bei ikishuka. Kulipa si kazi siku hizi, kadi ya mtandaoni inayotolewa kwenye huduma za pesa za simu inatosha. Ukiona haikufai, Steam hurudisha pesa kama umeomba ndani ya siku 14 tangu kununua na hujacheza zaidi ya saa 2. Kwa hiyo saa mbili za kwanza zitumie kupima. Kuhangaika na rangi za menyu kutakuja baadaye.

Kwenye vibanda vya gemu utaambiwa, "Za nini laki yote hiyo, leta flashi nikuwekee zote kwa buku mbili." Tuweke kando suala la haki za waliotengeneza. Tano kati ya hizo 14 hazikuwahi kuuzwa nje ya Japani: Duel Monsters ya kwanza, ya pili, ya nne, Monster Capsule GB, na Duel Monsters 6. Kwenye flashi mara nyingi utazikuta kwa Kijapani, na gemu ya karata usiyoweza kusoma karata zake haichezeki. Ndani ya mkusanyo huu zimetafsiriwa rasmi kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza.

Pakua usiku kwa bando la usiku. Ikishaingia, ifungue mara moja ukiwa na mtandao, kisha iweke Steam katika hali ya kutotumia mtandao. Hapo utacheza hata ndani ya meli ya Ukerewe, katikati ya ziwa ambako simu inazunguka tu kutafuta mnara.

Zifahamu zana tatu za kisasa

Waliotengeneza mkusanyo wameongeza vitu ambavyo mashine za zamani hazikuwa navyo. Kuna kuhifadhi mahali popote, kurudisha nyuma, na kuongeza kasi. Baadhi ya gemu zina pia swichi za kulegeza masharti, kama kufungua karata zote au kuondoa kikomo cha kupanga karata zako.

Kuhifadhi ndiko kunakowasumbua watu, kwa sababu kuko kwa aina mbili. Kuna kuhifadhi kwa gemu yenyewe, kule kwa asili, ambako unaenda kwenye menyu ya ndani ya gemu. Halafu kuna kuhifadhi kwa mkusanyo, ambako ni kama unapiga picha ya sekunde ile na kuirudia ukitaka. Hatari inakuja ukichanganya. Ukihifadhi leo kwa njia ya gemu, kesho ukafungua picha ya juzi, unarudi juzi na kila kitu chake, zikiwemo karata ulizokuwa nazo juzi. Chagua njia moja uishike. Mimi nashauri picha, kwa sababu umeme unapokatika bila hodi na betri ya kompyuta ni ile ya dakika kumi, hupati nafasi ya kutafuta menyu ya ndani katikati ya pambano. Piga picha kila baada ya pambano, na badilisha nafasi unayohifadhia, moja leo, nyingine kesho.

Kurudisha nyuma kutumie pale kidole kimeteleza: ulitaka kulinda ukashambulia. Ukianza kurudisha nyuma kila unapovuta karata mbaya, utashinda yote na hutajifunza chochote, maana utamu wote wa gemu hizi uko kwenye kuamua ufanye nini na karata mbovu. Kasi nayo iwashe bila aibu. Mpinzani anayeendeshwa na gemu za enzi hizo anafikiri polepole, na vishindo vya mapambano vinajirudia vilevile mara mia.

Kuhusu skrini, acha picha katika umbo lake la asili, usiivute ijaze kioo chote. Maandishi ya karata ni madogo, na yakivutwa yanakwaruza macho. Kama una pedi ya USB, hata ya bei ya chini, ichomeke. Vitufe vinavyohitajika ni vichache.

Anza na The Eternal Duelist Soul

Hii ni ya Game Boy Advance. Ilitoka Japani 2001, na Marekani ikafika 2002, mwaka uleule ambao karata zenyewe za karatasi zilianza kuuzwa kule. Haina hadithi ya kukuchosha. Unachagua mpinzani, unapambana, unashinda, unachagua pakiti ya karata kama zawadi, unaboresha fungu lako, unarudi. Kila pambano linasogeza siku kwenye kalenda, na siku fulani zinaleta mashindano au zawadi. Ukiwapiga wapinzani wa kundi la chini mara za kutosha, la juu linafunguka.

Sababu ya kuanza hapa ni moja: inafuata kanuni rasmi za karata jinsi zilivyokuwa wakati ule. Ukizielewa hizi, gemu nyingine zote utaona zimeziacha wapi na kwa nini. Ukianza na ile ya 1998, ambako zimwi kubwa linashuka mezani bila gharama yoyote, unajifunza kitu ambacho utalazimika kukisahau.

Kanuni kwa ufupi. Kila mchezaji ana pointi za uhai 8000 na fungu la karata zisizopungua 40. Karata ni za aina tatu: mazimwi, uchawi na mitego. Kwa zamu moja unavuta karata moja na unaruhusiwa kuita zimwi moja kwa njia ya kawaida. Zimwi la ngazi ya kwanza hadi ya nne linashuka bure. La ngazi ya tano au ya sita linadai kafara ya zimwi moja lililoko mezani. La saba kwenda juu linadai mawili. Mazimwi mawili yaliyo katika hali ya kushambulia yakigongana, dogo linakwenda makaburini, yaani kwenye rundo la karata zilizotoka mezani, na mwenye nalo anakatwa tofauti ya nguvu kwenye pointi zake za uhai. Likiwa limelazwa kwa ulinzi, mwenye nalo hakatwi, lakini anayelishambulia akiwa na nguvu pungufu ya ule ulinzi anakatwa yeye.

Hapo kwenye kafara ndipo kila mgeni anapokwama. Dogo mmoja wa jirani, hapa Nyakato, alikuja kucheza kwangu akaniita, "Kaka, hili joka mbona halishuki?"

"Umetoa kafara?"

"Kafara ya nini tena, kaka?"

Mkononi alikuwa na karata tano: Blue-Eyes White Dragon mbili, Dark Magician moja, Celtic Guardian, na uchawi mmoja usio na msaada kwa wakati ule. Joka lina nguvu 3000 na ni la ngazi ya nane. Dark Magician ana 2500, ngazi ya saba. Kwa hiyo karata tatu kati ya tano hazina pa kwenda. Kilichobaki kushuka ni Celtic Guardian wa 1400. Mpinzani akashusha La Jinn wa 1800, akamgonga, dogo akakatwa 400 na meza ikabaki tupu. Zamu iliyofuata akala 1800 nzima za bure. Majoka yake mawili yalikufa yakiwa mkononi.

Fanya hesabu ya gharama kabla ya kuvutiwa na picha. Kushusha Blue-Eyes unatumia karata tatu: mbili za kafara na joka lenyewe, upate 3000. Kushusha Summoned Skull, ambaye ni wa ngazi ya sita, unatumia karata mbili upate 2500. La Jinn unatumia moja, yenyewe, upate 1800. Ndiyo maana wachezaji wa enzi ile waliokuwa makini waliliacha joka nyumbani wakamchukua Summoned Skull.

Kwa hiyo fungu lako la kwanza lipange hivi. Mazimwi yawe 18. Kati ya hayo, 15 yawe ya ngazi ya nne kushuka chini, ukitafuta yenye nguvu 1700 na zaidi, pamoja na machache ya kugeuzwa kama Man-Eater Bug, ambaye akifunuliwa anaua zimwi moja. Matatu yaliyobaki yawe ya kafara moja. Uchawi uwe 14 na mitego 8, jumla 40. Kama huna karata nzuri za kufikisha hesabu, jaza na ulizonazo kisha uzitoe moja moja kila unapopata pakiti. Usizidishe 40 kwa sababu tu karata ni nyingi. Kila unayoongeza inakusogezea mbali zile nzuri.

Karata za kuzitafuta kwanza ni hizi. Raigeki inaua mazimwi yote ya mpinzani na kukuachia yako. Dark Hole inaua ya pande zote mbili, kwa hiyo itumie wakati wewe huna la kupoteza. Monster Reborn inafufua zimwi kutoka makaburini, yako au ya mwenzio. Pot of Greed inakuvutisha karata mbili kwa bei ya moja, bila sharti lolote, na kwa sababu hiyohiyo ilipigwa marufuku kwenye mashindano rasmi tangu 2005. Humu ndani unaruhusiwa moja, na hakuna fungu ambalo halifaidiki nayo. Kwenye mitego, Mirror Force. Ilaze kifudifudi na usubiri, maana mtego haufyatuki zamu ileile uliyoulaza. Mpinzani akitangaza shambulio, mazimwi yake yote yaliyosimama kushambulia yanafutika. Wapinzani hawa wa kompyuta hawana woga, wakiona zimwi dogo mbele yao wanashambulia tu.

Ukitoka kwenye Yu-Gi-Oh ya leo, ile ya gemu ya mtandaoni ya Master Duel ambako mtu anacheza zamu moja dakika tano huku wewe unatazama, utashangaa jinsi zamu hapa zilivyo fupi. Unaita zimwi, unalaza mtego, unashambulia, unamwachia mwenzio. Namna mpya za kuita mazimwi kwa mfululizo zilianza kuongezwa 2008 na kuendelea. Humu hamna hata moja, na binafsi naona hapa ndipo mchezo huu ulipokuwa mtamu zaidi.

Kisha The Sacred Cards

Ukishatosheka na mapambano matupu, nenda kwenye hadithi. Hapa wewe ni rafiki wa Yugi na Joey, wahusika wakuu wa hadithi ya Yu-Gi-Oh, unatembea mjini kwenye mashindano ya Battle City, unaongea na watu, unawekeana karata rehani na kupambana. Aliyeshinda anachukua.

Kanuni moja mpya itakugonga usipoambiwa. Kila zimwi lina asili yake, na asili zinakulana kwa mzunguko. Moto unashinda msitu, msitu unashinda upepo, upepo unashinda ardhi, ardhi inashinda radi, radi inashinda maji, maji yanashinda moto. Pembeni kuna mzunguko wa pili: kivuli kinashinda nuru, nuru inashinda mapepo, mapepo yanashinda ndoto, na ndoto inashinda kivuli. Asili ikishinda, nguvu haihesabiwi kabisa. Waliokulia kwenye karata za vijiweni pale Kirumba watalielewa hili upesi: ni turufu ndogo inayokata ree ya rangi nyingine. Iandike mizunguko hiyo miwili kwenye karatasi uibandike chini ya skrini mpaka ikukae kichwani. Kabla ya kushambulia, angalia asili kwanza, nguvu baadaye.

Hapa pia utakutana na kikomo cha gharama. Kila karata ina uzito wake, na jumla ya fungu lako haiwezi kupita uwezo ulio nao, ambao unakua unaposhinda. Kukuza uwezo huo kwa kumpiga mpinzani dhaifu yuleyule tena na tena ndiyo kazi iliyowachosha watoto wa 2003. Kama una shughuli zako, legeza sharti kwenye menyu ya mkusanyo uendelee na hadithi.

Reshef of Destruction, ambayo ni mwendelezo wake, usiiguse bila kulegeza masharti. Ilijulikana tangu ilipotoka kwa ukali uliopitiliza: wapinzani wana karata nzito, wewe unakuzwa kidogo kidogo kama unapimiwa dawa. Hadithi yake si mbaya, lakini haistahili jasho hilo.

Dungeon Dice Monsters: hii usiiruke

Si ya karata hasa, ni ya dadu, na wengi wanaipita kwa sababu hiyo. Unachagua dadu 15 kabla ya pambano, na kila zamu unarusha tatu. Ukipata alama mbili za kuita zinazolingana, unachagua dadu moja nayo inafunguka mezani: nyuso zake sita zinatandazwa na kuwa njia, na zimwi linasimama juu yake. Unajenga barabara kipande kwa kipande mpaka umfikie mpinzani, ambaye ana mioyo mitatu tu. Naye anajenga kuja kwako.

Mwanzoni utaona kama bahati nasibu. Baada ya mapambano machache utagundua kwamba umbo unalotandaza lina thamani kuliko zimwi lililo juu yake, kwa sababu unaweza kumfungia mwenzio njia akabaki na mazimwi makubwa yasiyo na pa kupita. Jizoeze kuzungusha umbo kabla ya kulitua. Na usianze na dadu zenye mazimwi ya ngazi ya juu, kwa sababu zina alama chache za kuita, na utarusha mpaka uchoke bila kufungua hata moja.

Zilizobaki

World Championship 2004 na 7 Trials to Glory ni za kuchezwa baada ya The Eternal Duelist Soul kama umeipenda, maana ni kanuni zilezile zikiwa na karata nyingi zaidi. Stairway to the Destined Duel iko kwenye kundi hilohilo. Dark Duel Stories na Duel Monsters ya kwanza na ya pili ni za kuonja, kasi ikiwa imewashwa. Monster Capsule GB inawafaa wanaopenda kupanga askari ubaoni. Destiny Board Traveler ni ya kutembeza vipande kwa dadu, na mimi naiacha ilipo.

Kitu kimoja cha manufaa kwa Dark Duel Stories: karata za karatasi za Yu-Gi-Oh zina namba ya tarakimu 8 pembeni chini kushoto, na gemu ina sehemu ya kuiingiza ili upewe karata ile. Ya Blue-Eyes ni 89631139. Utaipata, lakini karata nzito kuliko kiwango chako haitaingia kwenye fungu mpaka ukue.

Ukitaka kupambana na mtu

Mkusanyo ulipotoka, pambano la mtandaoni liliwekwa kwenye Duel Monsters 4 pekee. Kabla ya kumwalika rafiki wa Bukoba au Musoma, chezeni kwanza kila mtu peke yake, kwa sababu gemu hiyo nayo ina mizunguko ya asili, na asiyeijua atapigwa bila kuelewa kapigwaje. Kubalianeni mapema kama kila mmoja analeta fungu alilolikuza mwenyewe au mnafungua karata zote, la sivyo mnaishia kubishana kwenye simu.

Mkiwa chumba kimoja na kompyuta ni moja, tumieni The Eternal Duelist Soul kwa zamu: mpinzani yuleyule, fungu lilelile, mnaanzia picha ileile iliyohifadhiwa, na anayebaki na pointi nyingi za uhai mwishoni ndiye mshindi. Kurudisha nyuma marufuku, na wa kushika pedi kwanza apatikane kwa kurusha shilingi.